Shuka, Blanketi au Duveti? Tunawajibu Wasomaji

Barua za mwezi huu kuhusu matandiko zimetoka mahali penye hali ya hewa tofauti kabisa, na ndiyo maana majibu yake hayafanani. Tumechagua nne.

*Ndugu Mhariri, ninatarajia kufunga ndoa mwezi wa tisa, na mashangazi zangu wamenitaka nitaje vitu ninavyohitaji kwa ajili ya kicheni pati. Kuna duka Kariakoo linalouza seti ya vipande sita, yaani duveti, shuka moja na foronya nne, na muuzaji anasema ni pamba tupu ya nyuzi 1000. Kitanda chetu ni cha futi sita kwa sita na godoro ni la inchi nane. Shangazi mmoja anasema duveti Dar es Salaam ni pambo tu. Mwingine anasema chumba cha bi harusi bila duveti hakina hadhi. Nimsikilize yupi?*
*Bi harusi mtarajiwa, Tabata, Dar es Salaam*

Dada yetu, hongera kwa hatua hiyo. Shangazi wa kwanza anazungumzia kulala, na wa pili anazungumzia wageni watakaochungulia chumba siku ya kwanza. Wewe utakilalia kitanda hicho siku zote zitakazofuata, kwa hiyo msikilize wa kwanza.

Duveti halizalishi joto. Kazi yake ni kushika hewa katikati ya ujazo wake ili joto la mwili wako lisitoroke, na kadiri ujazo unavyokuwa mnene ndivyo linavyozuia zaidi. Kifaa cha namna hiyo kiliwafaa watu wa Ulaya ya kaskazini, ambako chumba cha kulala huweza kuwa baridi kama jokofu. Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, usiku wenyewe hauna ubaridi wa kuzuiliwa, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linachelewa kukauka hata kabla hujajifunika chochote. Ujazo wa maduveti mengi ya bei nafuu ni poliesta, nyuzi ambazo karibu hazinywi maji kabisa, hivyo jasho hubaki kati ya ngozi yako na kitambaa, na ifikapo saa tisa usiku duveti liko sakafuni nawe umejifunika kanga. Ukitaka kujua watu wa pwani wanajifunika nini hasa, ni hiyo kanga, au shuka la pili la pamba, na sijaona sababu ya kuwaonea aibu.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatakueleza, nalo ni kufua. Nilipokuwa nikiishi Tanga nililipeleka duveti langu kwa dobi katikati ya masika. Lilipolowa lilihitaji watu wawili kulikamua, likakaa kambani siku tatu, na liliporudi lilikuwa na uvundo ambao haukutoka hata baada ya kufuliwa mara ya pili, kwa sababu ujazo wa ndani haukuwahi kukauka. Shuka la pamba linafuliwa asubuhi na jioni linatandikwa.

Kama chumba chenu kina kiyoyozi na mnalala kimewashwa, hoja inabadilika kidogo. Hapo chukueni duveti jepesi. Maduveti yanayotoka Uingereza, yakiwemo ya mtumba, huandikwa kwenye lebo kipimo cha kuzuia joto kinachoitwa tog. La namba 4.5 au chini yake ni la majira ya joto, na la 13.5 ni la kipupwe chao. Hilo la pili likikuangukia kwenye zawadi, mpe ndugu aliyeko Iringa. Hakikisha pia duveti lina kava linalovuliwa, kwa kuwa kava ndilo litakalofuliwa kila mara.

Sasa hiyo "pamba tupu ya nyuzi 1000". Nyuzi zinazotajwa ni zile zilizomo katika inchi moja ya mraba, za wima na za mlalo zikijumlishwa. Shuka zuri la pamba huwa na kati ya 200 na 400, na kwa joto la Dar es Salaam ningechagua zile zilizo karibu na 200, zenye mfumo wa kawaida wa uzi juu, uzi chini, kwa sababu zinapitisha hewa. Namba kubwa kama 1000 kwa kawaida hupatikana kwa kuhesabu kila unywele wa uzi uliosokotwa kana kwamba ni uzi kamili, na mara nyingine hupatikana kwa kuandika tu. Muombe muuzaji akuvutie uzi mmoja kutoka ukingoni, toka naye nje ya duka, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunyata mbele ya moto, inayeyuka, kisha inaganda kuwa kitone kigumu ambacho huwezi kukisaga kwa vidole. Ukipata jivu na kitone kwa pamoja, basi ni mchanganyiko. Muuzaji akikataa kutoa uzi mmoja, nalo ni jibu.

Vipimo ndivyo vinavyowaliza wengi. Mashuka mengi sokoni ni ya futi saba kwa nane. Godoro lako lina upana wa inchi 72, na ukiongeza unene wa inchi nane kila upande unapata 88. Shuka la futi saba ni inchi 84, kwa hiyo linaishia inchi sita tu kila upande, halifiki hata chini ya godoro, na kila asubuhi utalikuta limejikunja katikati kama kamba. Unahitaji futi nane kwa nane, ambalo litakuachia inchi nne za kuchomeka kila upande. Ukipenda la lastiki, hakikisha lastiki inazunguka pande zote, si kwenye pembe peke yake, na kina chake kisipungue unene wa godoro.

Ushauri wangu ni kwamba uwaombe mashangazi fedha za seti hiyo, uende Mtaa wa Congo ununue kitambaa cha pamba cha jora, na fundi cherehani akushonee jozi tatu pamoja na foronya zake. Jora la upana wa inchi 90 lina mtego wake: baada ya 88 linabakiza inchi moja tu kila upande, na pindo litaimeza, tafuta la inchi 100. Kilowekwe kitambaa usiku kucha na kuanikwa kabla ya kukatwa, kwa maana pamba mbichi hurudi. Bibi zetu walilijua hilo tangu enzi za marekani, kile kitambaa kizito kisichopaushwa kilichopata jina lake kwa kuwa katika karne ya 19 kililetwa Unguja na meli kutoka Salem, Massachusetts.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu niliyehamishiwa Makete kutoka Lindi. Nina blanketi moja zito sana lenye picha ya simba, lakini bado naamka usiku kwa baridi. Je, ninunue jingine zito zaidi, au duveti?*
*Mwalimu, Makete, Njombe*

Mwalimu, pole na baridi. Kutoka Lindi hadi mahali ambapo sakitu huonekana kwenye majani asubuhi za Juni na Julai ni safari ndefu kuliko ramani inavyoonyesha.

Kabla ya kununua chochote cha juu, tazama kilicho chini yako. Walio wengi hujirundikia mablanketi juu huku baridi ikiwapanda kutoka chini, kupitia kwenye nafasi za chaga za kitanda na godoro jembamba lililokwisha kubonyea. Chukua blanketi hilo la simba, likunje mara mbili, ulitandike kati ya godoro na shuka. Azima jingine la kujifunika, ulale hivyo usiku mmoja uone. Huenda ukagundua kwamba nusu ya tatizo ilikuwa huko.

Kuhusu cha kujifunika, uzito si joto. Blanketi lako bila shaka ni la akriliki au poliesta, na uzito wake unatokana na wingi wa nyuzi zilizoshindiliwa. Kinachokuhifadhi ni hewa iliyotulia, nayo hupatikana zaidi kati ya matabaka mawili mepesi kuliko ndani ya moja zito. Mpangilio ninaoupenda kwa nyanda za juu ni shuka la pamba mwilini, blanketi la sufu juu yake, na mwisho kitu kilichofumwa kwa kubana, hata kama ni kitandiko cha kawaida, ili upepo unaopenya kwenye mbao za dirisha usiichukue hewa ya joto. Ninasema sufu, ya kondoo, si sufi ya kwenye mti wa msufi ambayo huko Lindi mlijazia mito. Herufi moja inaweza kukurudisha nyumbani na bidhaa isiyo yako. Sufu ina sifa ambayo poliesta haina: inaweza kunywa unyevu mwingi bila kuhisika imelowa, na ikiwa na unyevu bado inaendelea kukupa joto. Kasoro yake ni kuwasha ngozi, ndiyo sababu ya lile shuka la chini, na pia haipendi maji ya moto, ambayo huifanya isinyae na kuwa ngumu kama zulia. Ifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, uianike kivulini penye upepo.

Duveti kwako si anasa hata kidogo, na lile la tog 13.5 ambalo nimemshauri dada wa Tabata aligawe lingekufaa sana. Kwenye mnada wa mtumba, kabla ya kulipia, fungua mapindo na pembe uzikague: vidoti vyeusi vilivyojipanga kwenye mshono ni kinyesi cha kunguni, na bei rahisi haitafidia wageni hao.

Neno moja ambalo hukuliuliza. Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuitambua. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye taulo, ikiwekwa miguuni, itakufikisha usingizini bila hatari hiyo.

*Mpendwa Mhariri, mtoto wangu ana miezi mitatu na huku kwetu Limuru ni baridi. Mama mkwe ameniletea duveti dogo la mtoto na mto wake. Je, anaweza kulitumia?*
*Mama wa kwanza, Limuru, Kenya*

Mama, mshukuru mama mkwe kwa moyo wake, kisha ulihifadhi duveti hilo hadi mtoto avuke mwaka mmoja. Madaktari wa watoto wanashauri kwamba mtoto wa chini ya miezi 12 alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi lenye shuka lililobana, bila duveti, bila mto na bila blanketi lililolegea, kwa kuwa vitu laini vinaweza kumziba pua na mdomo naye hana nguvu ya kuvisukuma. Joto lake litoke kwenye nguo: fulana ya pamba, nguo ya kulalia inayofunika miguu, na juu yake mfuko wa kulalia usio na kofia, ambao fundi yeyote anaweza kuushona mradi tundu la shingo lisimruhusu kuzama ndani. Kipimo cha kwamba joto limetosha ni kifua chake au nyuma ya shingo, maana mikono ya kichanga huwa ya baridi hata pale ambapo mwili umetosheka. Ukikuta shingo ina jasho, punguza nguo moja. Na kama mnalala naye kitanda kimoja, jambo lisilopendekezwa lakini ambalo najua lipo, basi duveti lenu wakubwa ndilo la kuogopwa zaidi. Mlazeni kwenye kitanda chake kilichosogezwa karibu nanyi.

*Mhariri, ninafungua nyumba ya wageni yenye vyumba vinane. Nichague mashuka meupe au ya rangi? Na je, pamba tupu ni lazima?*
*Mfanyabiashara, Morogoro*

Chagua meupe. Mgeni anayeingia chumbani saa nne za usiku anataka kuona kwa macho kwamba shuka ni safi, na rangi ya maua haimthibitishii kitu. Meupe yanavumilia maji ya moto na dawa ya kung'arisha, ingawa dawa hiyo ikizidishwa hula uzi wa pamba taratibu hadi shuka lichanike katikati, pale ambapo mabega hulala. Izimue kwa maji na kuisuuza vizuri.

Pamba tupu si lazima kwa biashara. Mchanganyiko wa nusu pamba na nusu poliesta ni wa moto kidogo kuliko pamba, lakini unakauka haraka, haukunjamani sana, na unakupunguzia gharama ya pasi, jambo zito ukiwa na vitanda vinane vya kubadilishwa kila siku. Vyumba vyenye feni nzuri vitavumilia. Kwa kile cha juu kilicho chini ya bati, weka pamba. Nunua jozi tatu kwa kila kitanda, moja ikiwa imetandikwa, moja kambani na moja kabatini, na uagize fundi ashone uzi wa rangi moja kwenye kila pindo ili dobi asije akakurudishia mashuka ya jirani.