Ctrl+C ikigoma

Pole ndugu. Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kukuandikia «omba samahani» bila kukoma, tena Ctrl+C ya kusimamisha programu igome hapa hapa Goma, huo ni mchezo wa wenzako wa kazi. Wameweka trap, amri ya kunasa ishara za kusimamisha, ndani ya .bashrc, faili linalosomwa kila ukifungua terminali. Trap inaziba masikio kwa Ctrl+C na Ctrl+Z, ila kill -9, amri ya kuua programu kwa nguvu, trap haiwezi kuizuia. Lakini kuua peke yake ni bure, ukifungua tena inarudi.

Funga dirisha. Ingia folda yako ya nyumbani kwa programu ya mafaili, bonyeza Ctrl+H mafaili yaliyofichwa yaonekane, fungua .bashrc kwa kihariri cha kawaida, futa mistari waliyoongeza. Kwa kawaida iko chini kabisa. Usifute faili lote! Mimi nilizima masheni mara nne kabla ya kuelewa, wenzangu wanacheka tu.