Shangazi wa Namba: Mbuzi asiwe wangu mwaka wa tatu

Toleo hili barua ni za besiboli tupu, na sishangai, maana Machi ndiyo hii. Walioniuliza habari za kodi na za upatu wanivumilie hadi mwezi ujao.

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi ni watu kumi na wawili hapa Columbus, Ohio: Watanzania, Wakenya, Wakongo na Mbarawa mmoja, wengi madereva wa malori na watu wa maghala. Tuna ligi yetu ya fantasi ya besiboli, yaani kila mtu anajinunulia kikosi cha wachezaji wa kweli kwa pesa za kufikirika, na wanachofanya kwenye mechi zao ndicho kinachompa pointi. Msimu huu ni wa nne. Tukimaliza mnada wa wachezaji, kila mtu anaandika msimamo utakavyokuwa mwisho wa Septemba, wa kwanza hadi wa kumi na mbili, karatasi zinatiwa kwenye bahasha inafungwa. Msimu ukiisha tunahesabu. Ukimweka mtu wa pili akamaliza wa saba, hilo ni kosa la tano. Tunajumlisha, na mwenye kosa kubwa ananunua mbuzi wa wote. Mwaka juzi nilipata 50, mwaka jana 52. Mbuzi wote wawili nimelipa mimi. Mke wangu ameanza kuniuliza kama huu ni mchezo au ni mkopo. Natabirije? – Mfuga Mbuzi Asiye na Zizi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole ya mbuzi.

Nianze na habari mbaya. Ukiandika majina kumi na mawili kwenye vikaratasi, ukavitia kofiani, ukafumba macho na kuviokota kimoja kimoja, kosa lako kwa wastani litakuwa kama 48. Ni hesabu ya shule tu: 12 mara 12, toa moja, gawa kwa tatu. Kosa kubwa kabisa linalowezekana ni 72. Sasa wewe una 50 na 52. Kofia imekushinda miaka yote miwili! Ili mtu ashindwe na kofia lazima kuna kitu anakiamini kwa nguvu, nacho si kweli. Nakushuku kwa mawili: kila mwaka unajiweka wa kwanza, halafu bingwa wa mwaka uliopita unampa nafasi ya pili kwa heshima. Lakini kama mnaanza mnada upya kila Machi, bingwa huyo hana anachotetea. Wachezaji wake wote wamerudi sokoni, amebaki na picha.

Usidhani nakucheka. Machi 2024 nilikaa kwenye meza ya jikoni kwangu na dola 260 za kufikirika, kama mnada ulivyo, nikatoa 52 kwa mpigaji Ronald Acuña Jr. na 34 kwa mrushaji Spencer Strider, wote wa Atlanta. Thuluthi ya pesa kwa watu wawili, na kikosi kinataka 23. Sababu nilikuwa nayo. Mwaka 2023 Acuña alipiga homurani 41 (mipira ya kutoka nje ya uwanja) na kuiba besi 73 (kuchopoka hadi kituo kinachofuata bila mpira kupigwa), na kabla yake hakuna aliyewahi kufika 40 na 70 kwa msimu mmoja. Strider alishinda mechi 20 na kuwatoa wapigaji 281 kwa straikauti, yaani kwa kuwakosesha mara tatu. Nikajiandika wa kwanza, tena kwa wino. Strider akarusha mechi mbili tu, kano ya kiwiko ikagundulika imeumia, akaenda kupasuliwa. Tarehe 26 Mei Acuña akaumia goti huko Pittsburgh akiwa anakimbia kati ya besi, bila kuguswa na mtu. Nilimaliza wa kumi. Karatasi ile bado imebandikwa kwenye friji yangu, sijaitoa makusudi.

Tuje kwenye kazi. Nadhani mnacheza roto, mtindo wa kupanga timu kwa takwimu za msimu mzima, kwa hiyo ligi yenu ina mbio kumi zinazokwenda kwa wakati mmoja. Wapigaji wana tano: homurani, mikimbio waliyofunga (ndiyo mabao ya besiboli), mikimbio waliyoingiza, besi walizoiba na wastani wa kupiga. Warushaji nao tano: ushindi, sevu (kumaliza mechi na kuulinda ushindi mwembamba), straikauti, wastani wa mikimbio wanayoruhusu, na idadi ya watu wanaowaachia kufika kwenye besi kila awamu. Katika kila mbio wa kwanza anapata pointi 12, wa mwisho moja. Wengi wanatabiri kwa kuangalia kikosi kizima na kusema "huyu ana timu nzito". Uzito hauna safu yake kwenye msimamo.

Nikufungulie daftari langu. Hii ni safu ya besi za kuiba ya ligi yetu msimu mmoja, wiki ya mwisho, timu saba za juu: 171, 149, 146, 145, 143, 142, 118. Mwenye 171 ana pointi 12. Akileta mkimbiaji wa kuiba besi 20 zaidi, atakuwa na 191 na pointi zilezile 12. Amechoma hela. Mwenye 142 ana pointi 7. Akipata besi sita tu, anafika 148, anawapita watatu, anakuwa na 10. Besi sita zimemletea pointi tatu, na hao watatu kila mmoja ameshuka moja. Na mwenye 118? Hata akiiba ishirini habanduki alipo. Kwa hiyo ukitabiri usiulize nani ana besi nyingi, uliza wapi watu wamebanana. Walipobanana ndipo msimamo utakapogeuka Septemba, na usijiaminishe sana na mpangilio wa hao watu wanne watano.

Takwimu za kuanzia unazipata bure. Mifumo ya makadirio ipo, Steamer na ZiPS ndiyo inayotajwa zaidi, ila mimi kwanza napenda uelewe ule mdogo kuliko yote, unaoitwa Marcel. Aliutengeneza Tom Tango akaupa jina la tumbili wa kwenye televisheni, kwa maana kwamba hata tumbili anaweza kuukokotoa. Chukua miaka mitatu ya mchezaji: mwaka wa karibuni zidisha kwa 5, uliotangulia kwa 4, wa nyuma yake kwa 3, jumlisha, gawa kwa 12. Tuseme alipata nafasi sawa za kupiga kila mwaka, akapiga homurani 20, kisha 25, kisha 40. Unapata 200 na 100 na 60, jumla 360, gawa kwa 12: ni 30. Halafu unamvuta kidogo kuelekea wastani wa ligi nzima, unaangalia na umri wake. Yule uliyemnunua kama mtu wa 40, tumbili anakwambia hatafika 30. Nilipoifanya mara ya kwanza nilikasirika. Mwisho wa msimu nikaona tumbili alinizidi kwa wachezaji wengi kuliko niliomzidi mimi.

Sasa jumlisha makadirio ya kila kikosi kwenye safu zote kumi, toa pointi, una msimamo wa kwanza. Usikimbilie kuuandika, una mtego. Kama ndugu mmoja alikwenda mnadani na makadirio ya Steamer mkononi, akanunua kila aliyeonekana rahisi kwenye Steamer, basi ukikokotoa kwa Steamer yeye ndiye atakayetoka wa kwanza. Ni mtihani aliojisahihishia mwenyewe. Mimi nakokotoa mara mbili, kwa mifumo miwili tofauti, halafu nachukua katikati. Anayekuwa wa kwanza kwenye mmoja na wa tano kwenye mwingine, nampeleka chini bila huruma.

Na kuna yale ambayo hakuna mfumo utakaoyaona. Mpigaji Juan Soto hakuwa mwizi wa besi: kabla ya 2025 alikuwa hajazidi 12 kwa msimu, na 2024 aliiba 7. Mwaka 2025 akiwa na timu ya Mets ya New York akaiba 38, tena na homurani 43. Aliyemnunua alilipia homurani, akapewa na mkimbiaji juu yake, kama mtu aliyenunua kitanda akakuta godoro limo. Huwezi kutabiri nani atakuwa Soto wa mwaka huu. Unaweza kujua kwamba atakuwepo mmoja, na kwamba timu atakayoangukia itapanda nafasi kadhaa bila mwenyewe kufanya lolote.

Lakini safu iliyonisaidia kuliko zote haimo kwenye makadirio, naiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: nani alibadilisha kikosi mara ngapi mwezi Agosti. Msimu wa besiboli ni mechi 162 kwa kila timu, toka mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Ni mrefu kama foleni ya pasipoti. Na sisi watu wa Afrika Mashariki tuna ugonjwa wetu: Agosti Ligi Kuu ya Uingereza ikifunguliwa, mtu anahamia huko na kuacha majeruhi watatu kwenye kikosi cha besiboli mpaka Septemba. Mwaka mmoja kwenye ligi yetu kijana mmoja alikuwa wa tatu Julai, kisha akamwacha mrushaji aliyekwisha kupelekwa ligi ndogo kwa wiki sita. Akamaliza wa nane. Wewe wenzio unawajua. Nani anatarajia mtoto Juni? Nani amehamishiwa zamu ya usiku? Nani akianza kushindwa anaacha kujibu simu? Huyo mshushe nafasi mbili hata kikosi chake kiwe kizuri namna gani. Yule mtu mkimya anayeamka kila asubuhi kuangalia nani anarusha leo, mpandishe mbili.

La mwisho ni la kuokoa mbuzi. Mtu usiyemwelewa kabisa, mweke wa sita au wa saba. Hapo hata akishangaza dunia hawezi kukugharimu zaidi ya 6. Ukimweka wa kwanza au wa kumi na mbili anaweza kukugharimu 11. Nafasi za juu kabisa na za chini kabisa zihifadhi kwa wale ambao hesabu mbili na kalamu nyekundu vyote vinakubaliana. Na wewe mwenyewe, mwanangu, jiandike wa sita. Najua inauma. Mimi nilianza kujiandika wa sita mwaka jana, kosa langu lote likawa 28, na nyama ya mbuzi nilikula ya mtu mwingine.

SWALI: Shangazi, mimi ni mtu wa FPL, fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, hapa Nakuru, na binamu zangu wa Minnesota wananivuta kwenye ligi yao ya besiboli. Si ni kitu kimoja? – Mzoefu wa Jumamosi

JIBU: Si kimoja. Kwenye FPL mimi na wewe na jirani sote tunaweza kuwa na Haaland, akifunga tunashangilia pamoja na hakuna anayempita mwenzake. Kwenye besiboli yao mpigaji nyota Aaron Judge ni wa mtu mmoja tu katika ligi nzima. Nikimchukua, wewe humpati, utahangaika na aliyebaki. Timu 12 zikichukua watu 23 kila moja ni wachezaji 276, kwa hiyo mwisho wa mnada utajikuta unashindania kwa dola moja jina ambalo hujui hata linatamkwaje. Hapo ndipo ubingwa unapopatikana au kupotea, si kwa Judge.

Mchezo wenyewe ulianza 1980, na aliyeubuni ni mhariri aitwaye Daniel Okrent. Yeye na wenzake walikuwa wakikutana kwenye mkahawa wa Manhattan ulioitwa La Rôtisserie Française, ndiyo maana tunasema roto. Yaani jina limetokana na mahali pa kuchoma kuku. Na Okrent, pamoja na kuubuni, anajulikana kwa kutowahi kuchukua ubingwa wake. Kwa hiyo nenda, ukishika mkia utakuwa na mwenzio.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mume wangu yuko kwenye ligi hiyo na kaka zake walioko Marekani, sisi tuko Dar. Simu inawaka chini ya shuka saa nane usiku, tena saa kumi na moja alfajiri. Nikiuliza naambiwa "besiboli". Niamini? – Mama wa Mbezi

JIBU: Marahaba. Saa zinakubaliana. Mechi ya usiku ya New York ikianza saa moja na dakika chache za kwao, Dar ni saa nane usiku na dakika hizohizo. Ya Los Angeles ikianza saa moja na dakika kumi, kwenu ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Jumapili hata saa mbili usiku inawezekana, maana wanacheza mchana.

Ila mwambie hana haja ya kukesha. Pointi zinajihesabu zenyewe, na kikosi chake kikishafungwa hata asipolala hatabadilisha kitu. Asubuhi na chai atazikuta.

Simu ikiwaka saa tisa alasiri naye akatoka nje kuipokea, Marekani muda huo ni asubuhi na hakuna anayecheza. Na Desemba hakuna mechi kabisa. Ukiona hivyo niandikie tena, ila barua uipeleke kwa Shangazi wa ukurasa wa nne, yule wa mambo ya ndoa.