Mlango wa nakshi: msasa usiguse kitu kabla hujachukua kipande chenye matabaka yote

Mleta uzi, simamisha hiyo kazi. Mpigie fundi leo hii, usingoje kesho.

Umeandika kwamba mlango wa babu yenu kule Mpwapwa, wenye fremu ya nakshi, umepakwa rangi juu ya rangi. Unataka kujua ya kwanza ilikuwa ipi, maabara gani itakupimia, gharama ni kiasi gani, na mwisho umalizie kwa vanishi ipi. Halafu chini kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukasema fundi anaanza Jumamosi na mashine ya msasa, na unga atakaoukwangua ndio mtaupeleka kupimwa. Hapo kwenye unga nimeshtuka. Unga wa namna hiyo ndio uliotumalizia mlango wa ukoo wetu Kondoa.

Wetu uliletwa kutoka pwani, na kila aliyekuwa mkubwa wa nyumba aliupaka rangi aliyoipenda. Juu ulikuwa bluu; ukiukwaruza kwa ukucha unaona kijani, chini yake kitu cheupe. Baba mdogo akataka urudi ulivyokuwa zamani. Tukampata bwana mmoja mjini Dodoma anayejitangaza kuwa mtaalamu wa kurejesha vitu vya mbao vya kale. Akaja, akaugonga gonga, akasema: kwangueni, jazeni kimfuko, nitapeleka kupima, na kazi iendelee tusipoteze muda. Nilimuuliza waziwazi, je, hatupotezi kitu tukisugua kabla ya majibu? Akanijibu majibu yote yamo ndani ya unga. Nikamwamini, mashine ikawashwa.

Majibu yalipokuja yalikuwa orodha ya elementi: risasi, zinki, titani, chuma, kalsiamu. Zote zilikuwa za kweli na hazikutusaidia kitu. Rangi nyeupe ya titani iliingia sokoni kati ya 1916 na miaka ya mwanzo ya 1920. Nyeupe ya zinki ni ya zamani zaidi, ilienea katika karne ya 19. Nyeupe ya risasi imepakwa tangu enzi za Warumi hadi karne iliyopita. Sasa, ukijua titani iko katika tabaka lipi, unajua kwamba tabaka hilo na yote yaliyo juu yake hayakupakwa kabla ya takriban 1920. Lakini ukijua tu kwamba iko mahali fulani ndani ya kimfuko, umejua nini? Ni sawa na kusaga sahani ya pilau kwenye blenda, kisha umuulize mtu kama nyama ilitangulia sufuriani au viazi.

Yule bwana hakuona tatizo. Akatuandikia ripoti kwamba mlango ulipakwa rangi kwa mara ya kwanza baada ya 1920, na kwamba chini ya rangi hapakuwahi kuwa na vanishi. Hilo la pili linaniumiza hadi leo, kwa sababu kipimo alichotumia ni kile cha eksarei wanachokiita XRF, na XRF haiioni vanishi. Vanishi ni utomvu na mafuta, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni, elementi nyepesi ambazo mashine hiyo haizisomi. Ni kipimo kizuri kwa rangi zenye madini, lakini kikielekezwa juu ya rangi nzima kinapenya na kuchanganya matabaka, na kikielekezwa kwenye vanishi kinapita tu. Kumwambia mwenye mlango kwamba vanishi haikuwepo kwa sababu XRF haikuionyesha ni kumdanganya, na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo alipaswa kulijua jambo hili kabla hajashika kalamu.

Tulijuaje kwamba alikosea? Fundi alikuwa ameshamaliza kusugua, tukalifungua bamba la komeo ili lisafishwe. Chini yake binamu yangu akaona ukanda mwembamba ambao msasa haukuufikia. Tulitoa chembe moja, tukampelekea rafiki yetu wa jiolojia, akaigandisha ndani ya rezini (gundi ya maji inayokauka kuwa ngumu), akaikata na kuisugua ubavu wake hadi ukang'aa, akaiweka chini ya hadubini. Kila kitu kikaonekana kwa mpangilio. Juu ya mti kabisa palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya asali. Juu ya utando, mstari mweusi wa moshi na uchafu, maana yake mlango uliishi muda mrefu ukiwa na vanishi peke yake. Ndipo ikaja nyeupe, halafu kijani, halafu bluu na msingi wake, yaani ile rangi ya kutangulia inayopakwa chini ya rangi yenyewe. Nyufa za kijani zilikuwa zimejazwa na ule msingi wa bluu, kwa hiyo kijani kilikuwa kimeshazeeka na kupasuka kabla bluu haijafika. Alipoumulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule utando wa chini ukang'aa weupe wenye ukijani.

Mwanga wa namna hiyo huelekea kuwa wa vanishi ya utomvu wa miti. Shelaki, vanishi inayotokana na utomvu wa mdudu, ingeng'aa rangi ya chungwa. Ni utomvu wa mti gani, hadubini haisemi. Kumbuka ni pwani yetu iliyochimba sandarusi, utomvu wa miti uliokauka na kuwa mgumu ardhini, katika karne ya 19, ikapitia Zanzibar kwenda Salem kule Marekani na Hamburg kule Ujerumani, ikayeyushwa kwa moto mkali na kupikwa na mafuta ya kitani kuwa vanishi ya magari ya farasi na fanicha. Ningetoa mbuzi bila kuulizwa ili nijue kama mlango wetu ulipakwa sandarusi. Kulijua hilo kunahitaji kutenganisha kemikali za utomvu wenyewe, na kipimo hicho kinataka kiasi cha kutosha cha ule utando. Utando wetu ulifagiliwa uani pamoja na vumbi la bluu. Na mashine haikula rangi peke yake: ncha za maua ya nakshi zimekuwa butu, mashina mengine hayaonekani kabisa. Shangazi alipouona alikaa barazani akanyamaza, na baba mdogo hajazungumza na yule bwana mpaka sasa. Pesa zetu hakurudisha.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla ya msasa, kabla ya rimuva (dawa ya kubandua rangi), kabla hata ya kitambaa chenye thina, chukua vipande. Vitafute mahali palipojificha: chini ya bamba la komeo, nyuma ya bawaba, kwenye kona za ndani za nakshi, upande wa fremu unaogusa ukuta. Jua la Dodoma na vumbi la kiangazi hula uso wa nje, kwa hiyo sehemu iliyofunikwa ndiyo yenye historia kamili. Tumia wembe mpya wa upasuaji, unapatikana maduka ya vifaa vya hospitali. Anzia pembeni ya ufa uliokwishakuwepo ili usitengeneze jeraha jipya. Kipande kiwe kidogo, milimita moja au chini ya hapo, ila kishuke mpaka mti wenyewe na kitoke na kinyuzi cha mti chini yake. Kisicho na mti hakikwambii kama umelifikia tabaka la kwanza. Usikinase kwa selotepu, gundi yake itaingia kwenye kipimo. Kiweke kwenye kichupa kidogo au karatasi iliyokunjwa, andika kimetoka wapi, na piga picha ya mahali hapo kabla na baada. Chukua sehemu kadhaa, kwa sababu fremu na mbao za katikati huenda hazikupakwa siku moja.

Kuhusu maabara, hapa Dodoma tuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, na tuna chuo kikuu. Lakini popote utakapokwenda, fahamu kwamba maabara za madini zimezoea kusaga sampuli kabla ya kupima. Ukikabidhi kipande bila maelezo kitasagwa, na utakuwa umerudi kwenye unga kwa mlango wa nyuma. Sema kwa mdomo na kwa maandishi: kisisagwe, kigandishwe kwenye rezini, kikatwe ubavu na kutazamwa kwa hadubini kwanza. Watu wa jiolojia wanaijua kazi hiyo, ndivyo wanavyofanya na mawe. Picha ya matabaka ikishapatikana ndipo uulize elementi za kila tabaka, na kama kuna utando usio na rangi, uombe kipimo cha FTIR, ambacho hutofautisha shelaki, mafuta na vanishi ya nitroselulosi. Na usihesabu kila mstari kuwa ni mara moja ya kupaka. Msingi, rangi ya kati na ya juu vinaweza kuwa kazi ya wiki moja. Kinachotenganisha miaka ni uchafu na nyufa kati ya mstari na mstari.

Ile tochi ya kukagulia noti bandia, yenye mwanga huo huo wa urujuanimno, pia ina kazi. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, mulika kingo na sehemu zilizobanduka, uone kama kuna kinachong'aa. Haitoshi kutoa hukumu, ila itakuonyesha pa kutafuta vipande.

Halafu kuna vumbi lenyewe. Rangi za zamani namna hiyo mara nyingi zina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sisi tulisugua uani, watoto wakacheza hapo hapo na mama akafagia asubuhi bila kitambaa usoni. Nikikumbuka napandwa na hasira upya, maana yule bwana alisimama pale akitutazama bila kutuonya.

Na mlango uliochongwa kabla ya 1940 unatajwa kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo akitokea mtu wa kuununua na kuupeleka nje, pita kwanza Idara ya Mambo ya Kale.

Jumamosi fundi akija, mlipe nauli yake arudi na mashine yake. Wewe fungua bamba la komeo na bawaba ya juu, piga picha za karibu za kilichopo chini, uziweke hapa nikuonyeshe pa kuanzia na wembe.