Baba aliikataa mashine ya figo, nikamsimulia habari za Mholanzi

Wiki tatu nzima Baba alikataa kwenda kusafishwa damu. Shinikizo la damu la miaka mingi lilikuwa limezimaliza figo, miguu imevimba, chakula hakipiti, lakini kila tukigusia mashine alijibu vilevile: "Waliowekwa pale si tumewazika?" Yeye ni mzee wa kanisa, na wazee wenzake wawili walikuwa wamefia kwenye matibabu hayo. Hatukuwa na la kumjibu.

Tulikosea kumbana. Mimi, kaka na mashemeji tulimwekea kikao, kila mmoja akasema lake, naye akazidi kuwa mgumu. Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, achana na vikao. Mwendee peke yako, anza na kile anachokijua. Baba ametengeneza pampu za maji na mota hapa Moshi tangu sijazaliwa, kwa hiyo nilimpelekea habari za fundi mwenzake, daktari wa Kiholanzi aliyeiunda mashine hiyo.

Willem Kolff alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1911. Mwaka 1938, akiwa daktari kijana huko Groningen, alimuuguza kijana wa miaka 22 ambaye figo zilishindwa, akafa polepole mbele ya macho yake. Yeye ndiye aliyelazimika kumweleza mama mzazi kwamba hakuna la kufanya. Tangu hapo akatafuta njia ya kuitoa kwenye damu ile sumu inayobaki figo zikishindwa.

Vita vikaja, Wajerumani wakaikalia nchi, naye akahamia hospitali ya mji mdogo wa Kampen. Vifaa havikupatikana, akaunda kwa alivyovipata. Alichukua mrija wa selofeni, ule wa kufungia soseji, akauzungusha kwenye pipa la vipande vya mbao lililokuwa likizunguka ndani ya beseni la maji yenye chumvi. Damu ilipita ndani ya mrija na uchafu ukajichuja kwenda kwenye maji. Kiwanda cha vyombo vya enameli pale mjini kilimsaidia kuijenga. Mwaka 1943 akaanza kuitumia kwa wagonjwa.

Hapo Baba akanikatisha. "Damu inaingiaje kwenye pipa linalozunguka bila kuvuja?"

Swali hilohilo lilimsumbua Kolff, na jibu alilipata kwenye kiungo cha pampu ya maji ya gari la Ford. Baba alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu nimchoree.

Nilimweleza na upande mbaya. Wagonjwa wa mwanzo karibu wote walikufa, na ni mwaka 1945 tu ndipo mama mmoja wa miaka 67, aliyeletwa akiwa amepoteza fahamu, alipozinduka na kupona. Usimfiche mgonjwa mambo kama haya. Baba alikuwa ameshaona vifo kwa macho yake, na ningempamba maneno angeacha kuniamini.

Baada ya vita Kolff alizigawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi nyingine. Mwaka 1950 alihamia Marekani na mkewe Janke na watoto wao watano, akaanza upya Cleveland, na baadaye Utah, ambako kundi lake liliunda moyo wa bandia uliowekwa kifuani mwa mtu mwaka 1982. Alifariki Februari 2009, zikibaki siku tatu atimize miaka 98. Baba aliyapita haya yote na kurudi kwenye lile la mashine za bure. "Huyo alikuwa mcha Mungu," akasema. Jumatatu akaniambia nimwitie bajaji.

Sasa tunakwenda mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na haya tumejifunza kwa shida. Wataunganisha mishipa mkononi ili mashine ipate damu, na kuiita fistula. Ndugu zetu walishtuka, maana neno hilo walilijua kwa maradhi ya uzazi. Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, usibebe ndoo. Maji ya kunywa yana kipimo, na mchuzi na uji vinahesabiwa humo. Kilichotuumiza zaidi ni chakula: kwa Mchagga kuambiwa apunguze ndizi! Zina potasiamu nyingi, madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, na yakizidi huweza kuusimamisha moyo. Madafu ndiyo hatari hasa. Wageni wa kutoka Tanga walituletea kwa upendo mtupu, nasi tukampa, usiku huo tukamkimbiza hospitali. Muulize mtaalamu wa lishe kabla hujapika, na bima uiulize mapema inalipia mara ngapi.

Baba amechagua kiti cha dirishani. Pampu ikianza kuzunguka hufumba macho akaisikiliza, na siku akisikia mlio asioupenda humwita fundi wa hospitali. Mgonjwa mpya akija anatetemeka, wauguzi humketisha jirani yake.