Kutunza klasi ya faili inayotumika kwenye kila mfumo endeshi: ushauri kwa wanaoanza

Klasi ya kusoma na kuandika faili, yaani kifurushi cha msimbo chenye data na vitendo vyake, ukiitazama kwa nje, ni kazi nyepesi. Ina vitendo saba au nane: kufungua, kusoma, kuandika, kusogea ndani ya faili, kuuliza urefu, kusukuma data hadi kwenye diski na kufunga. Ukiingia ndani yake unakuta kila kitendo kimeandikwa kwa mistari michache inayoita amri ya mfumo endeshi, na anayeanza huona kwamba hapo hakuna la kujifunza. Nami niliona hivyo nilipokabidhiwa klasi ya namna hiyo katika lugha ya C++, ambayo ilitakiwa ifanye kazi kwenye Windows, Linux na macOS bila anayeitumia kujali yuko wapi. Baadaye nilielewa kwamba klasi kama hiyo huunganisha majina ya amri tu. Tabia za mifumo hubaki mbalimbali kama zilivyokuwa, na kazi ya anayeitunza ni kuamua klasi itaahidi nini, kisha kuitimiza ahadi hiyo hata pale mfumo mmojawapo unapokuwa mgumu.

Anza na baiti zenyewe. Kwenye Linux na macOS, amri ya read hukupa baiti zilizomo katika faili bila kuzigusa. Kwenye Windows, ukipitia maktaba ya C badala ya kuuita mfumo moja kwa moja, kwa kawaida faili hufunguliwa katika hali ya matini usiposema vinginevyo. Katika hali hiyo, baiti 13 inayofuatwa na 10 hugeuzwa kuwa 10 peke yake wakati wa kusoma, kila baiti 10 huongezewa 13 mbele yake wakati wa kuandika, na baiti 26 huchukuliwa kuwa ndio mwisho wa faili. Chukua picha yoyote ya PNG. Baiti zake nane za kwanza ni 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Isome katika hali ya matini na utapata 137, 80, 78, 71, 10, halafu utaambiwa faili imekwisha: baiti tano kutoka katika picha nzima, bila ujumbe wowote wa kosa. Waliobuni PNG waliziweka baiti hizo makusudi, ili picha iliyoharibiwa kwa kupitishwa njia ya matini igundulike mara moja, lakini faili nyingi za data hazina kinga ya namna hiyo, nazo huharibika kimyakimya. Kwa hiyo klasi ya ngazi ya chini ifungue kila faili katika hali ya baiti ghafi, kwa alama ya O_BINARY, bila kumwachia mtumiaji nafasi ya kusahau. wxFile, klasi ya faili katika maktaba ya wxWidgets, hufanya hivyo hivyo. Kugeuza miisho ya mistari ni kazi ya tabaka la juu, linalojua kwamba linashughulika na maandishi.

Lililonigharimu zaidi ni thamani inayorudishwa na write, amri ya mfumo ya kuandika. Amri hiyo haikuahidi kuandika kila ulichoiomba. Inaahidi kukuambia imeandika kiasi gani. Niliwahi kuandika programu ya kutengeneza nakala za akiba, na msimbo wangu uliuliza swali moja tu baada ya kila kuandika: je, imerudi -1, yaani kosa? Siku moja diski ilikaribia kujaa. Fungu la mwisho lilikuwa la baiti 65,536, mfumo ukaandika 40,960 zilizopata nafasi na kurudisha 40,960. Hiyo si -1, basi programu ikatangaza kwamba nakala imekamilika. Tuligundua pengo hilo siku tulipoihitaji nakala yenyewe, na sikuwa na wa kumlaumu.

Tangu hapo kitendo changu cha kuandika ni mzunguko. Kinaandika, kinasogeza mwanzo wa bafa (eneo la kumbukumbu linaloshika data) mbele kwa idadi iliyorudishwa, kinapunguza kilichobaki, na kurudia mpaka kibaki sifuri au litokee kosa la kweli. Ikirudi -1 na errno, namba inayoeleza aina ya kosa, ikawa EINTR, maana yake ni kwamba ishara ya mfumo imeikatiza amri kabla haijaandika chochote, kwa hiyo inarudiwa tu. Mzunguko huohuo unatatua tatizo jingine ambalo wengi hawalijui: kwenye Linux mwito mmoja wa write hauvuki baiti 2,147,479,552 hata kama kompyuta ni ya biti 64, na WriteFile ya Windows hupokea urefu katika namba ya biti 32. Anayetumia klasi yako akikupa bafa ya gigabaiti nne, mzunguko utaikata vipande yeye asijue.

Kusoma kuna utaratibu wake, na hapa usiige mzunguko wa kuandika bila kufikiri. Kupata baiti pungufu unaposoma ni jambo la kawaida, hasa data inapotoka kwenye bomba (njia ya kupitisha data kutoka programu moja hadi nyingine) au mtandaoni, na anayesubiri ujumbe mfupi hatafurahi ukimzuia mpaka bafa yake yote ijae. Mimi huweka vitendo viwili: kimoja kinachosoma kilichopo sasa na kurudisha idadi yake, kingine kinachosoma idadi kamili au kushindwa. Mwisho wa faili nautambua kwa njia moja tu, yaani read inaporudisha sifuri. Baadhi ya klasi hulinganisha mahali ulipo na urefu wa faili, kama Eof ya wxFile inavyofanya, na njia hiyo inafaa kwa faili iliyotulia kwenye diski. Kwa bomba au kituo cha amri (terminal) haina maana, kwa sababu huko hakuna urefu wa kuulizwa.

Kuhusu ukubwa sitasema mengi. Tumia namba za biti 64 kwa kila mahali na kila urefu, na usiguse aina ya namba iitwayo long, kwa kuwa kwenye Windows ina biti 32 hata katika programu za biti 64, nawe utakwama baada ya baiti 2,147,483,647. Kwenye Linux ya biti 32, weka mpangilio wa _FILE_OFFSET_BITS kuwa 64 kwa mradi mzima na si kwa faili moja ya msimbo, la sivyo sehemu mbili za programu zitatofautiana kuhusu ukubwa wa off_t, aina ya namba inayoshika mahali ndani ya faili, na kosa la aina hiyo hulitafuta mpaka macho yakaume.

Suala la nani anamiliki faili iliyofunguliwa linastahili utulivu zaidi. Kwenye Linux na macOS, faili iliyofunguliwa ni namba kamili ndogo tu. Tuseme kitu kimoja cha klasi yako kinashika namba 5, kisha mtu akakinakili, kwa hiyo sasa vitu viwili vina namba 5. Cha kwanza kinaharibiwa na kuifunga. Sehemu nyingine ya programu inafungua faili tofauti kabisa, nayo inapewa namba ndogo kuliko zote zisizotumika, yaani 5 ileile. Kitu cha pili bado kinaandika kwenye 5, na sasa kinaandika ndani ya faili isiyo yake. Hakuna kosa litakaloripotiwa, kwa maana kwa upande wa mfumo kila jambo liko sawa. Kataza kunakili, ruhusu kuhamisha umiliki tu, na ukiweka vitendo vya kupokea namba kutoka nje na kuitoa, eleza waziwazi nani ataifunga. Vilevile, ukipata EINTR kutoka close kwenye Linux, usirudie: namba imekwisha kuachiwa, na mwito wa pili unaweza kufunga faili ya mwenzako.

Kufunga kwenyewe kunaweza kushindwa. Faili iliyoko kwenye seva ya mtandao inaweza kuipokea data yako yote kisha kosa la kuandika likajitokeza wakati wa close peke yake. Klasi nyingi hufunga faili kitu kinapoharibiwa, na huo ni wavu mzuri wa kuzuia uvujaji, lakini katika hatua hiyo hakuna wa kupokea jibu. Kwa faili uliyoisoma, uache wavu ufanye kazi yake. Kwa faili uliyoiandika, ita kitendo cha kufunga wewe mwenyewe na utazame kimerudisha nini. Ukikuta kosa, hifadhi errno papo hapo kabla hujaita kitu kingine chochote, hata kabla ya kuandika ujumbe kwenye kumbukumbu za programu, kwa sababu mwito unaofuata una haki ya kuibadilisha.

Majina ya faili yatakusumbua pia. Linux huyachukua kuwa mfuatano wa baiti, na hukataza mkwaju (/) na baiti sifuri tu. Windows huyashika katika UTF-16, ambayo kama UTF-8 ni namna ya kuandika herufi kwa namba, huwa na majina yaliyohodhiwa kama CON na NUL, na njia ya kawaida hukomea kwenye herufi 260 usipochukua hatua maalumu. Pokea jina katika UTF-8, ligeuze ndani ya klasi, na kwenye Windows ita CreateFileW, amri ya kufungua faili inayopokea UTF-16, wala si ndugu yake anayeishia kwa A.

Sasa nifike kwenye kitendo ambacho watumiaji hukiona, yaani kuhifadhi juu ya faili iliyopo. Ukifungua faili kwa hali ya kuandika, urefu wake hushuka kuwa sifuri wakati huohuo, kabla hujaandika hata baiti moja. Umeme ukikatika hapo, mtu amepoteza kazi ya zamani na ya sasa pia. Njia ya kuaminika ni kuandika faili ya muda ndani ya folda ileile, kuisukuma hadi diskini, kuifunga, kisha kuibadilisha jina ichukue nafasi ya ile ya zamani. Nimesisitiza folda ileile kwa sababu kubadilisha jina hakuvuki kutoka diski moja hadi nyingine. Kwenye Linux na macOS, amri ya rename hubadilisha kwa mkupuo mmoja: anayefungua faili hiyo ataona ya zamani au mpya, kamwe hataona nusu. Kwenye Windows, rename ya maktaba ya C hukataa ikiwa jina limekwisha kutumika, hivyo utahitaji MoveFileExW pamoja na ruhusa ya kubadilisha, au ReplaceFileW. Usitatue jambo hili kwa kufuta ya zamani kwanza, kwani hapo utakuwa umelirudisha pengo lilelile ulilokuwa ukilikimbia.

Hata kusukuma diskini si neno lenye maana moja. Kwenye Linux utatumia amri ya fsync kwa faili, na kwa folda yake pia ukitaka jina jipya lenyewe lisipotee. Kwenye macOS, fsync huifikisha data kwenye kifaa lakini haikilazimishi kifaa kuitoa katika kumbukumbu yake ya muda. Anayehitaji uhakika huo hutumia agizo la F_FULLFSYNC kupitia amri ya fcntl, naye atavumilia ucheleweshaji. Windows ina FlushFileBuffers. Klasi nzuri huyafunika yote hayo kwa kitendo kimoja, na hati zake husema ukweli kuhusu kinachotokea kila mahali. wxTempFile ni mfano wa kuutazama: unaandika, unaita Commit, na kitu kikiharibiwa bila Commit faili ya zamani inabaki ilivyokuwa. Kumbuka tu kwamba faili mpya huzaliwa na ruhusa zake, kwa hiyo zinakili kutoka kwa ya zamani, la sivyo programu nyingine itajikuta imefungiwa mlango.

Kwenye Windows bado kuna kikwazo cha kushirikiana. Linux hukuruhusu kufuta faili ambayo mwingine ameifungua. Windows hukataa, isipokuwa aliyeifungua aliruhusu kufutwa. Programu za kuzuia virusi huweza kuishika faili yako mpya kwa muda mfupi ili kuikagua, na ubadilishaji wa jina ukashindwa wakati huo bila kosa lako. Mimi hujaribu tena mara chache nikipumzika kidogo katikati, kisha nakubali kushindwa na kusema hivyo. Si suluhisho la kujivunia, ila linafanya kazi.

Mwisho ni majaribio, na hapa wengi hupima faili ndogo kwenye diski yenye nafasi tele, mazingira ambayo klasi yoyote hufaulu. Jaribu bomba, jaribu faili iliyovuka gigabaiti mbili, jaribu jina lenye herufi zisizo za Kilatini. Kwenye Linux kuna kifaa kiitwacho /dev/full ambacho hujibu kila uandishi kwa kosa la diski kujaa. Kifungue kwa klasi yako uandike baiti kumi: klasi ya ngazi ya chini itapata ENOSPC, yaani kosa hilo la diski kujaa, palepale. Kisha fanya vivyo hivyo kwa klasi yenye bafa, nayo itakuambia imefaulu, na kosa litatokea baadaye wakati wa kusukuma au kufunga, mahali ambapo pengine msimbo wako hautazami.