Pete iliyoganda kwenye bomba la shaba

Kama nati ya maungio ya bomba imefunguka lakini ile pete ya ndani, inayobanwa na nati ili maji yasivuje, imeng'ang'ania bomba, usiivute kwa plaizi. Bomba la shaba ni laini. Likibonyea kidogo tu, maungio mapya yanaweza kuvuja. Hakikisha maji yamefungwa, kisha ukate pete kwa mshazari kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, na uache kabla meno hayajagusa bomba. Hapo ndipo penye kazi, nenda polepole sana! Ingiza bisibisi bapa kwenye mkato uizungushe: pete itapasuka na kuteleza yenyewe. Bomba likichubuka, kata kipande hicho. Nati ya zamani inafaa tena ikiwa hesi zake ni nzima, ila pete weka mpya.