Mwacheni Mzee Asaidie: Walichoshukuru Wazee Wetu Mwaka wa Korona

Pemba hatukufungiwa milango. Tanzania haikuweka amri ya watu kukaa ndani, na mwaka 2020 soko la Wete liliendelea kuuza samaki na ndizi. Waliojifungia ni wazee. Skuli zilifungwa katikati ya Machi, ndege za watalii zikakatika, ndoo za maji na sabuni zikawekwa kwenye milango ya maduka, na kila nyumba yenye mtu wa miaka sabini ikamwambia: wewe kaa ndani, mengine tutafanya sisi.

Mimi ni mwalimu, kazi yangu iko Mjini Unguja. Skuli zilipofungwa nilipanda boti mpaka Mkoani, nikaenda kukaa kwa mama Wete hadi zilipofunguliwa. Nyumbani alikuwepo mama, ami yangu, ambaye ni mdogo wa marehemu baba, na dada. Baadaye wakarudi vijana wetu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa.

Tangu miezi ile nimekuwa nikiwauliza wazee, wa kwetu na wa jirani: kipindi kile mlishukuru nini? Nauliza kwa sababu mama yu hai, ami yu hai, na nataka kuwatunza kwa namna wanayoitaka wao. Kila mmoja huanza na Alhamdulillahi ya uhai. Ana haki. Februari 2021, alipofariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akazikwa kwao Mtambwe, hakuna mzee wa Wete aliyekuwa na shaka tena kwamba maradhi yale yalikuwa karibu. Lakini ukimwacha mzee aendelee kusema, usimkatize, baada ya uhai hutaja jambo jingine. Mama alilisema kwa maneno machache kuliko wote: "Mwaka ule mlinihitaji."

Nieleze alivyohitajiwa. Vijana wa hoteli ndio waliokuwa wakituma pesa nyumbani. Mahoteli yalipobaki matupu waliambiwa wakasubiri kwao bila mshahara, wakaja na mabegi yao na simu zisizo na salio. Dada alishika kichwa. Mama akamwita, akatoka naye nyuma ya nyumba, akamwonyesha muhogo wa kuchimbwa wiki ile, muhogo wa kuachwa mpaka Ramadhani, majimbi ya kuguswa mwisho kabisa, na migomba ambayo ndizi zake zitafaa kwa futari. Ramadhani ilikuwa inakaribia, mfungo ulianza mwishoni mwa Aprili. Akawafundisha wajukuu wake wa kike kumenya muhogo na kuuanika juani upate kuwa makopa, kisha kuutwanga na kuusonga bada. Kuna wajukuu waliokuwa hawajawahi kula bada maishani. Walikula kwa mchuzi wa papa, wakaomba tena.

Yote hayo mama aliyajua kwa kuyapitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula kilipokuwa cha kugaiwa kwa foleni, yeye alikuwa msichana na muhogo ndio uliowavusha. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1978 alijifunza kuchemsha maji na kunawa kwa sabuni kila anaposhika chakula, kwa hiyo zile ndoo za mlangoni hazikumshangaza. Ami naye aliwasimulia watoto kuhusu Changuu, kisiwa wanachokijua kwa makobe na watalii, kwamba zamani kilikuwa karantini ya abiria wa meli. Watoto walimsikiliza mpaka chai ikapoa. Walikuwa na hofu, na mbele yao alikaa mtu anayejua kwamba visiwa hivi vilishawahi kukumbwa na maradhi na watu wakabaki.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza unahusu maswali. Wengi wetu tukimpigia mzee tunamuuliza hali, amekula nini, dawa amekunywa. Maswali hayo ni ya lazima, lakini yote yanamhesabu yeye kuwa mgonjwa na wewe daktari. Muulize pia jambo ambalo wewe hulijui na unalihitaji kweli. Mchuzi wa mkizi unaukatiaje harufu. Mtoto analia usiku na homa hana, tufanye nini. Huyu kijana aliyeleta posa, ukoo wao unaujua? Shamba la bibi lililoko Konde, mpaka wake unaishia mti gani? Swali la mwisho hilo lisicheleweshwe hata kidogo. Najua familia zilizofikishana mahakamani kwa sababu aliyekuwa akijua mpaka amefariki na hakuna aliyemuuliza.

La pili ni gumu zaidi kwa sisi tunaojiona tumeshakua: pokea anachokupa.

Zanzibar ina Pencheni Jamii tangu Aprili 2016, inayolipwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Mwaka 2020 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Katika nyumba isiyo na mshahara hata mmoja, ile elfu ishirini ya mama ilikuwa pesa ya uhakika. Alinunua sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, na iliyobaki akaigawa kwa wajukuu waweke bando. Mjukuu mmoja alikataa kwa heshima, akasema bibi weka ya dawa zako. Mama alinyamaza siku nzima. Jioni dada akamwambia yule kijana aende akaombe mwenyewe. Akaenda, akapiga magoti, akasema, "Bibi, naomba ile pesa." Akapewa na dua juu yake.

Ami alikuwa na zaidi ya hiyo. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka pesa za hija. Mwaka 2020 Saudia iliruhusu kuhiji waliokuwa ndani ya nchi hiyo tu, na nia yake ikasimama. Akachukua sehemu ya akiba, akawanunulia vijana vifaa vya madema, ile mitego ya samaki ya kusuka, na kuwatia kwenye chombo cha jamaa yetu mvuvi. Baadhi ya watu nyumbani walipinga: pesa ya hija haiguswi. Mama akasema mwacheni, ni mali yake na hawa ni watoto wake. Ami akakaa nao uani akiwafundisha kusuka dema, vidole vyake vikitetemeka lakini jicho likiona kila kosa. Mwaka 2021 hija ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2022 wageni wakaruhusiwa, ila wenye miaka 65 na zaidi wakazuiwa, na ami alishapita sabini. Mwaka 2023 kikomo cha umri kikaondolewa, akaenda. Vijana walikuwa wamesharudi mahotelini na kumlipa kidogo kidogo. Ukimuuliza leo alishukuru nini mwaka wa korona, haanzi na hija. Anasema alishukuru kwamba nyumba ilipokwama yeye alikuwa nacho.

Kwa hiyo mama yako akikutilia elfu mbili mkononi wakati unaondoka, ipokee kwa mikono miwili na umwambie utanunulia nini. Akikufungia mkate wa kumimina uende nao Mjini, usimwambie kule imejaa.

Kaka yangu yuko Maskat. Aprili 2020 serikali ya Omani iliufunga mkoa wa Maskat, na yeye akakwama kwenye chumba na wenzake, kazi hakuna. Sisi tulikuwa tunamficha mama habari hizo. Alizijua kwa sauti ya kaka tu kwenye simu. Kuanzia hapo kila alfajiri baada ya sala akawa anamrekodia sauti kwenye WhatsApp: aya chache, dua, kisha habari za nyumbani, nani kajifungua, kuku wangapi wametotoa. Mjukuu alimwonyesha pa kubonyeza, na herufi za simu akazifanya kubwa. Kaka anasema sauti zile ndizo zilizomwamsha kitandani. Mama anasema alishukuru kuwa na mtoto wa kumliwaza. Kama una mzee anayejua kusema na wewe uko mbali, mfundishe kurekodi sauti kabla hujamnunulia kitenge kingine. Kisha umjibu. Sauti isiyojibiwa inamuumiza.

Sasa niseme jambo ambalo sitaki lichanganywe na hayo. Kutegemewa na kubebeshwa ni mambo mawili. Jirani yetu, bibi wa makamo ya mama, mwaka ule aliletewa watoto wa mabinti zake wote, wadogo kwa wakubwa, na mabinti wakashika shughuli zao. Alipika, alifua, alisomesha juzuu, alilala na wawili kitandani. Nilipomuuliza alishukuru nini, alijibu: siku skuli zilipofunguliwa. Ninalichukulia jibu hilo kwa uzito sawa na la mama. Alipenda kuwasomesha Kurani wajukuu, hilo alilisema mwenyewe kwa furaha, na wawili walihitimu juzuu mikononi mwake wakati vyuo vya Kurani vimefungwa. Kilichomchosha ni ndoo za maji na nepi. Mpe mzee kazi inayotaka ujuzi wake, na ile inayotaka mgongo ifanye wewe. Na umuulize kwanza, kwa faragha, mahali ambapo anaweza kukataa bila aibu.

Kazi za kukaa zipo nyingi kwetu. Kuna kusuka ukili, kushona kofia, kuchagua mchele, na msimu wa karafuu ukifika kuna kuchambua makonyo jioni nzima mkizungumza. Sharti lake ni kwamba kazi iwe na mtu anayeingoja. Mama alisuka mkeka mwaka ule kwa sababu kijana mmoja alikuwa anaoa baada ya Idi na mkeka ulitakiwa kweli. Usimpe mzee kazi ya kumpumbaza kama mtoto. Wanatambua mara moja, na wanavunjika moyo.

Wanaume wazee wana shida ya ziada. Baraza, pale wanapokaa pamoja kuzungumza, ndilo lililowapa nafasi ya kusema na kusikilizwa, na lilipotawanyika mwaka ule wengi walikonda. Ukimwona babu amekaa nje peke yake saa ya alasiri, kaa naye, mnunulie kahawa, mwache akufunge kwenye mchezo wa bao. Nusu saa inatosha.

Dawa za presha na sukari, miadi ya kliniki, miwani, hayo yote endelea nayo. Hayahitaji makala yangu.

Kama mzee wako ameanza kusahau, punguza ukubwa wa jambo lakini usiliondoe. Bibi mmoja wa hapa mtaani hakumbuki tena majina ya wajukuu, ila ukimpa bakuli la mbaazi anazichambua bila kuacha hata moja mbovu, na mkwewe anazipika siku ile ile, anamletea sahani ya kwanza na kumwambia hizi ni zile ulizochambua wewe.

Na wewe uliye mbali, Mjini, Dar au Maskat, leo jioni ukimpigia mpe swali moja la kweli. Akikuambia fanya hivi, fanya kama alivyosema. Kesho yake mpigie tena, umwambie imekuwaje.